Ombeni Muda Kabla ya Ada

Wanangu wapendwa,

Naandika nikiwa na akili timamu, kwa hiari yangu, wakati mkono bado unaitii kalamu. Mali yangu ndogo imekwisha kugawiwa na wanaohusika wanajua. Hii ni sehemu yenu nyinyi mliobaki kazini, nyinyi mliokuwa mkiingia ofisini kwangu na bahasha ya kaki mkiuliza, "Mzee, shirika linaweza kunisomesha?" Nilikuwa afisa utumishi, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa mafunzo: kupokea maombi, kuandaa vikao vya kamati, kuandika majibu, kufuatilia matokeo. Niliyoyaona kwenye mafaili yale sitaki kuondoka nayo.

Neno langu ni hili. Mnapomwendea mwajiri, ombeni muda kabla ya kuomba ada.

Najua wengi wenu kinachowanyima usingizi ni ada. Lakini ada ni kitu ambacho mwajiri anajua kukitoa. Ina kifungu kwenye bajeti, inaidhinishwa, mhasibu analipa chuoni, stakabadhi inarudi, faili linafungwa. Muda hauna kifungu. Sijapata kumwona mkuu wa idara akiulizwa na mkaguzi wa hesabu kwa nini alimzuia mtumishi asiende darasani. Ndiyo maana wengi niliowaona wakikwama katikati ya masomo, ada yao ilikuwa imelipwa yote. Walikwama kwa kuwa mkubwa aliyesaini ada ndiye huyo huyo aliyeitisha kikao saa kumi alasiri siku ya jaribio, na mtu wa daraja la chini hawezi kusimama katikati ya kikao akasema anawahi kipindi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Zinazobaki ni zako, kwenye karatasi. Dar es Salaam zinaliwa na foleni. Mwenye ofisi Posta anaweza kutembea kwa miguu hadi Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, pale Mtaa wa Shaaban Robert, akaingia darasani jioni akiwa bado na nguvu. Mwenzake anayefanya kazi kwenye ghala la Barabara ya Nyerere karibu na uwanja wa ndege, aliyepata nafasi ya masomo ya jioni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anavuka jiji saa ile ile ambayo kila mtu analivuka, na anafika mwalimu amekwisha kufuta ubao mara moja. Watu hawa wawili wamelipiwa na mwajiri mmoja, na hawakusaidiwa sawa. Kamati inayotazama stakabadhi peke yake haiwezi kuiona tofauti hiyo. Lazima mwombaji aiseme.

Basi iandikeni kwenye barua ya maombi, kabla hamjataja shilingi hata moja. Semeni siku gani za wiki mtatoka saa tisa na nusu, mitihani itaangukia lini kwa kalenda ya chuo, nani atashika meza yenu siku hizo, na kwamba siku za mitihani hazitakatwa kwenye likizo ya mwaka. Hilo la mwisho msilione dogo. Sheria inakupa likizo ya siku 28 kila mwaka ili mwili upumzike. Nimewaona watu walioimaliza yote kwenye mitihani, mwaka baada ya mwaka mpaka shahada ikatoka, na siku ya mahafali wamekonda kama waliotoka wodini. Barua ikijibiwa "umeruhusiwa" bila kutaja saa, irudisheni kwa adabu mkiomba majibu ya kila jambo. Ruhusa ya mdomo huondoka na mkuu aliyeitoa. Akihamishwa, anayekuja hajui lolote, na wewe uko mwaka wa pili.

Jambo la mwajiri kushika ufunguo wa chuo kikuu halikuanza na nyinyi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na katika yaliyoamuliwa huko lilikuwamo hili: anayemaliza kidato cha sita asiende Mlimani moja kwa moja. Apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, ndipo aombe, akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Mimi ni wa kizazi hicho. Nilikuwa karani wa ghala katika kiwanda cha kuchambua pamba Kanda ya Ziwa. Nia ya azimio lile naiheshimu mpaka leo. Tuliingia chuoni tukiwa watu wazima, tukasoma uchumi tukijua mzani wa pamba unavyosomwa na mkulima anavyosimama kando yake akisubiri kuambiwa kilo.

Lakini niliona na upande wa pili. Meneja mwenye karani mzuri alichelewa kumwachilia. Mfanyakazi hodari ndiye aliyekuwa na hatari ya kubaki, kwa sababu mvivu mapendekezo yake yaliandikwa upesi ili aondoke. Na wasichana walipungua Mlimani hata utaratibu ukalegezwa kwa ajili yao ndani ya miaka michache. Baadaye ukaondolewa kwa wote. Azimio liliondoka, tabia ya mameneja ikabaki. Nimekaa kwenye vikao nikimsikia mkuu wa idara akisema, "Huyu siwezi kumtoa, ndiye nguzo yangu," na aliyekuwa akisemwa hakujua kwamba sifa yake ndiyo iliyomnyima. Ukijijua kuwa wewe ni nguzo, mfundishe mtu kazi yako kabla hujaandika barua. Mfundishe kweli, hadi aweze kufunga hesabu za mwezi bila wewe. Uchoyo wa ujuzi unaodhani unakulinda ndio utakaokufunga kwenye kiti hicho hicho hadi ustaafu.

Nilipohamishiwa Mwanza, kusoma shahada kulimaanisha kuacha kazi na kuhama. Hilo lilibadilika pale Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 ilipokianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, na wanafunzi wakaanza 1994. Chuo kikawafuata watu mikoani kwa vituo vyake. Walimu wa shule walikimbilia kwa wingi, na watu wa ofisini tukafuata nyuma. Sina maneno ya kutosha kueleza furaha ya mtu mwenye watoto wanne na mke mgonjwa alipoambiwa kwamba anaweza kuwa mwanachuo bila kulala bwenini. Na sisi maofisa mafunzo tulifurahi, kwa kuwa gharama ilishuka: hakuna nyumba ya kulipia, hakuna nauli ya mbali, hakuna mtu wa kuajiri kwa muda.

Hapo ndipo kosa kubwa la waajiri lilipojitokeza. Walisema, "Anasoma nyumbani, ruhusa ya nini?" Nimebishana na kauli hiyo kuliko nyingine yoyote katika utumishi wangu. Anayesoma kwa masafa anahitaji muda kuliko wa jioni. Wa jioni ana darasa, ana mwalimu anayemwona, ana wenzake wanaomuuliza jana alikuwa wapi. Wa masafa ana moduli kwenye meza ya kulia chakula, na kila mtu nyumbani na kazini anamwona kama mtu asiye na shughuli. Kama utasoma kwa njia hii, tenga jioni mbili zisizoguswa kila wiki, na uziandike kwenye mkataba wako wa mafunzo kama vile ni vipindi. Kisha omba kitu ambacho hakimgharimu mwajiri chochote: ubaki na ufunguo wa chumba cha mikutano baada ya saa kumi na moja. Pale kuna meza, umeme na intaneti, na hakuna anayekuita kumsaidia mtoto kufunga kamba za viatu. Niliwahi kuomba hivyo kwa niaba ya kundi la watu wetu. Meneja alikubali siku hiyo hiyo, akashangaa kwamba hakuna aliyewahi kuomba.

Lazima pia mjue muda huo unatoka kwa nani, maana hautoki hewani. Saa moja unayotoka mapema kwenda darasani, mtu fulani anapokea simu zako, anamhudumia mteja wako, anaandika hati zako za malipo. Ikiwa ni mara moja, atakuvumilia. Ikiwa ni miaka mitatu, atakuchukia, na atakuwa na haki. Nimeona ofisi nzima ikimgeuka mwenzao kwa sababu ya shahada, na watu wakasema ni wivu. Mara nyingi haukuwa wivu. Walikuwa wamembeba bila kuombwa wala kushukuriwa, na hakuna posho ya kukaimu iliyotajwa. Tajeni majina yao kwenye barua. Mwombee anayekushikia meza alipwe kinachostahili kwa utaratibu wa shirika, na kamati ikiridhia, zamu yake ya kusoma ije baada yako, naye umshikie wewe. Nilijaribu kuwapanga watu wawili wawili hivyo, na hapo ndipo malalamiko yalipopungua.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Mama yenu alinipa miaka ambayo sitaweza kumrudishia. Msiache hilo lisemwe kwenye sherehe ya mahafali peke yake. Kaeni na wenzi wenu kabla ya kujaza fomu, mpange nani atawahi kumchukua mtoto, nani atakwenda kliniki, jumapili ipi haitaguswa na kitabu. Wanawake nawaambia kwa namna ya pekee, kwa kuwa nimeshuhudia: mwanamume akisoma nyumba nzima hunyamaza, mwanamke akisoma bado anaulizwa mboga iko wapi. Mume aliyeoa mfanyakazi anayesoma ana wajibu wa kupika. Nalisema kwa watoto wangu wa kiume nikiwa nimelipima.

Sasa mkataba. Shirika likikulipia, litakufunga kwa mkataba wa mafunzo, ule mnaouita bondi, kwamba utatumikia muda fulani au urudishe fedha. Ni haki yao. Fedha hiyo ingeweza kununua mashine. Msiwasikilize wanaowafundisha kusaini huku wakinuia kukimbia. Fedha mtakayokimbia nayo imekatwa kwenye nafasi ya mdogo wenu, kwa kuwa baada ya kila mkimbizi kamati huwa inafunga mkoba kwa wanaofuata. Lakini someni mstari kwa mstari. Miaka ya kutumikia inahesabiwa kuanzia lini, siku ulipoanza chuo au siku ya matokeo? Ukitumikia nusu ya muda, deni linapungua kwa nusu au unadaiwa lote? Shirika likipunguza wafanyakazi na jina lako likawamo, deni linakufa au linakufuata? Ukiugua? Ukirudia mwaka, ada ya kurudia ni ya nani? Na je, wanahesabu ada peke yake, au wameingiza na mishahara uliyolipwa ukiwa unafanya kazi? Mkataba usiosema juu ya kupunguzwa kazini usiusaini. Urudishe uongezwe kifungu. Na kumbukeni kwamba sheria hiyo ya 2004 hairuhusu mwajiri kukukata mshahara kwa ajili ya deni bila wewe kuridhia kwa maandishi, kwa hiyo angalieni ni ridhaa gani imefichwa katika ukurasa wa mwisho. Mzozo ukizuka, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo. Mwende na nakala yenu, na nakala hiyo ikae nyumbani, isikae kwenye droo ya ofisi.

Wengine kati yenu tayari mnakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa mkopo wa elimu ya juu, na sasa mnataka shahada ya pili. Hapo msifanye haraka. Walio katika utumishi wa umma wanajua kwamba makato yote hayatakiwi kumwacha mtu na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Ukiongeza mkopo wa benki ili kulipia ada, na gari, na kiwanja, utafika mahali ambapo hata mwajiri akitaka kukukopesha hawezi. Ni afadhali ungoje bajeti mbili upate ufadhili wa mwajiri kuliko kujiingiza kwenye mkopo wa riba kwa ajili ya cheti ambacho hujui kitakupandisha au la.

Na kweli, kupandishwa hakuji kwenyewe. Hili limewaumiza watu wengi kuliko mitihani. Mtu anasoma miaka minne, anarudi na shahada ya ununuzi na ugavi, anaikuta ikama haina nafasi ya afisa ugavi. Anabaki mtunza ghala mwenye joho ukutani. Au nafasi ipo, lakini akibadilishiwa kada anaanzia ngazi ya chini ya kada mpya, na mshahara wake wa zamani ulikuwa mkubwa kuliko huo. Kwa utumishi wa umma kuna kuombewa mshahara binafsi ili asishuke, lakini lazima mtu aombe, na kwa wakati. Nendeni kwa afisa utumishi kabla ya kuchagua kozi. Mwambieni awafungulie muundo wa utumishi wa kada mnayoitaka, awaonyeshe sifa zinazotakiwa. Muulizeni kama kozi hiyo imo kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi. Kama ni uhasibu, shahada haitoshi bila mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA. Kama ni ununuzi, mtakutana na bodi yao, PSPTB. Ombeni ada ya mitihani ya bodi iwekwe kwenye ufadhili tangu mwanzo. Waajiri wengi hulipa chuo wakasahau bodi, mtu akabaki nusu mtaalamu.

Kuna waajiri watakaowaambia kwamba wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara, kwa hiyo wametimiza wajibu wao wa mafunzo. Wanasema kweli kuhusu tozo. Lakini fedha hiyo inakwenda serikalini kwa mafunzo ya taifa, haikurudii wewe pale dirishani. Msibishane nao. Waonyesheni ni hasara gani wanaipata kila mwezi kwa kuajiri mtaalamu wa nje afanye kazi ambayo mtu wao angeweza kuifanya akisoma.

Na wengine watawaambia kile nilichoambiwa na kila mkurugenzi niliyefanya naye kazi: "Tukiwasomesha wataondoka." Wapo walioondoka. Nilipokuwa nawaaga niliwauliza sababu, na wachache sana walitaja mshahara kwanza. Walisema walirudi na ujuzi wa kuchambua takwimu wakapewa kupiga muhuri. Mtu uliyemfundisha kisha ukamrudisha kwenye meza ileile, kazi ileile, chini ya bosi anayeogopa alichokisoma, huyo umemfukuza wewe. Kwa hiyo ombeni na hili: ifikapo mwaka wa mwisho mkae na mkuu wenu mkubaliane ni jukumu gani jipya mtalishika, hata kama cheo hakijabadilika. Na mada ya utafiti wenu itoeni kazini. Kama dawa zinaisha muda ghalani kila mwaka, chunguzeni kwa nini, kwa ruhusa ya maandishi ya kutumia kumbukumbu za ofisi. Mwajiri atapata jibu, chuo kitapata tasnifu, na saa zenu za kazi na za masomo zitakuwa zimekaribiana.

Lakini iandikeni wenyewe. Kuzunguka vyuo kuna vibanda ambavyo vitakuandikia utafiti kwa malipo huku wewe ukilala. Aprili 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulipotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, niliona watu wazima, wenye wajukuu, wakikusanya vikombe vyao vya chai mezani. Vile vilikuwa vyeti vya sekondari na vya ualimu, na wengine walikuwa wametumikia kwa bidii tangu ujanani. Sikufurahi. Tasnifu iliyonunuliwa inaweza isikamatwe na uhakiki wowote, lakini siku utakapoulizwa uliyoyaandika mbele ya bodi ya wakurugenzi, hakuna kibanda kitakachokujibia.

La mwisho nawaambia wale ambao mtaketi kwenye kamati ya mafunzo baada yetu. Wapo tayari, nawajua. Maombi yatakuja mengi kuliko bajeti, na yatakayoandikwa vizuri zaidi yatakuwa ya watu wenye shahada tayari, wanaotaka ya pili au ya tatu. Wao wanajua kuandika barua, na wanajua kugonga mlango wa mkurugenzi. Dereva mwenye kidato cha sita hajui. Karani wa masijala aliyefunga mafaili yetu yote na kuyakumbuka kwa namba hajui. Mama aliyejifungua juzi ameambiwa na watu kwamba asubiri mtoto akue, naye ameamini. Msingoje waje. Pitieni orodha ya watumishi jina kwa jina kila mwaka kabla ya kuandaa mpango, muulize ni nani hajawahi kusomeshwa chochote tangu aajiriwe, muanze na huyo. Shahada ya pili ya meneja ingoje. Na mtakapompa dereva huyo ruhusa, mwondoeni kwenye safari za mikoani majuma ya mitihani, muiandike hiyo safari kwa jina la dereva mwingine, na mumpe nakala ya ratiba ikiwa na saini zenu zote.

Ni mimi baba yenu,
Afisa utumishi mstaafu